Saa ya kupigia mbizi kwa mwanamke: chagua inayokaa mkononi mwako, si ile inayoitwa ya kike

Nianze na saa yangu ya kwanza manake ndo iliyonifunza haya yote. Nilipomaliza kozi ya kwanza ya mbizi hapa Nyali, Mombasa, mamangu mdogo akanipa zawadi ya saa, ndogo nzuri, rangi ya dhahabu, vijiwe pembeni, na nyuma imeandikwa 30 M. Mi nikahesabu hivi, kozi yanipa ruhusa ya mita 18, saa yaenda mita 30, basi zimebaki mita 12 za akiba, niogope nini. Tukashuka asubuhi nje ya mwamba, msimu wa kaskazi, maji meupe mpaka chini, na tulipofika kama mita 8 nikatazama mkono nikaona kiputo kimoja kidogo chatembea ndani ya kioo pale karibu na 6, alafu ukungu ukapanda, alafu mshale wa dakika ukasimama. Nikawa sijui nimekaa chini muda gani mpaka nikamfuate instrakta nimuoneshe mkono. Muuzaji alimwambia mamangu mdogo ati hiyo ni ya maji kabisa, na yeye alitoa pesa yake halali akaamini. Hilo mpaka leo laniuma kuliko saa yenyewe.

Tangu siku hiyo kila dada anaeanza mbizi akiniuliza achukue saa gani namuelezea kwa urefu, na sasa naandika hapa ili niweze kumtumia mtu moja kwa moja. Ni mrefu, chukua chai.

Hatua ya kwanza: amua utaingia nayo wapi

Kama wewe ni wa kuogelea Jomo Kenyatta Beach na kuvaa maski na snokeli utazame samaki juu juu, huhitaji saa ya mbizi, saa nzuri ya mita 100 yatosha na pesa utakayobakisha nunua fini nzuri. Kama ni wale mama zetu wanaoingia mwambani bamvua likipwa kutafuta pweza, vilevile mita 100 yatosha, muhimu ni isome vizuri juani na kioo kiwe kigumu manake mawe yale hayana huruma.

Lakini kama wavaa silinda, hata kama ni mbizi mbili kwa mwaka, endelea kusoma.

Na niseme hili mapema: saa haichukui nafasi ya kompyuta ya mbizi. Kompyuta ndo yahesabu kina na naitrojeni inayoingia mwilini, saa yahesabu dakika tu. Ukiwa na pesa ya kitu kimoja, nunua kompyuta kwanza, saa ije baadae iwe ya pili, ya kukuokoa ile kompyuta ikizima. Ziko kompyuta za mkononi zinazofanana na saa, Garmin Descent kwa mfano ina saizi ndogo za mkono mwembamba, na ukivaa hiyo mjini pia yapendeza. Lakini zataka kuchajiwa, na mi nshaona mtu yuko kwenye boti kompyuta iko asilimia 4.

Hatua ya pili: soma namba ya nyuma, uielewe yasema nini

Hapa ndo wanawake wengi tunauziwa uongo. Ile namba si kina utakachofika. Ni presha ambayo saa mpya, yenye raba mpya ya ndani ya kuzuia maji, iliwekewa ikiwa imetulia tuli kwenye mashine. Baharini wewe hujatulia, waruka kutoka kwenye boti mkono wapiga maji, wapiga fini, saa imekaa juani kwenye bodi la boti imepata moto alafu yaingia majini ghafla, na ile raba ya ndani ishazeeka miaka miwili mitatu.

Kwa hivo soma hivi: 30 M ni ya kutawadha na mvua. 50 M ni ya kuogelea kidogo bila kurukaruka, na saa nyingi za kisasa za simu zilizoandikwa 5 ATM ziko hapa, kwa hivo zisikudanganye. 100 M ni kuogelea na snokeli. 200 M ndo ya silinda. Ukipata 300 sawa, lakini usiongeze pesa kwa sababu ya hiyo tu, wewe mwisho wako wa mbizi za starehe ni mita 40, na kule kina cha mita 30 presha ni kama bar 4 tu, yani mara nne ya ile ya hewa ya juu.

Kuna kitu kingine bora kuliko namba, nacho ni neno. Saa iliyotimiza kiwango cha kimataifa cha saa za mbizi, ISO 6425, huandikwa "DIVER'S" pamoja na mita zake, kwa mfano DIVER'S 200m. Kiwango hicho kinataka kila saa moja moja ipimwe, si kuchukua chache kwenye boksi, na ipimwe kwa presha iliyozidi ile iliyoandikwa kwa robo, yani ya 200 yapimwa kama ya 250. Pia chataka saa isomeke gizani ukiwa mbali nayo sentimita 25, na iwe na kitu cha kukuonesha dakika zilizopita. Saa yenye "WATER RESIST 200M" bila lile neno bado yaweza kuwa nzuri, ziko nyingi na watu wazipigia mbizi miaka, ila jua hazikuapa kiapo kilekile.

Alafu tazama ile nobu ya pembeni ya kurekebishia saa. Iwe ya skrubu, yani waikaza ikaingia, si ya kuvuta tu. Nobu ya kuvuta ikinasa kwenye kamba ya boti ikatoka, maji yashaingia.

Na mtu asikwambie ati saa za maji ni mambo ya wanaume. Oktoba 1927 mwanamke wa Kiingereza, Mercedes Gleitze, alikuwa mpiga chapa wa ofisini London, aliingia kwenye mkondo wa bahari kati ya Uingereza na Ufaransa na saa ya Rolex Oyster imening'inia shingoni. Wiki mbili kabla alikuwa ashavuka, mwanamke wa kwanza wa Uingereza kuvuka kwa kuogelea, watu wakatia shaka kwa sababu ya mwanamke mwingine aliedanganya kuwa amevuka, ndo akarudi tena. Mara ya pili baridi ilimshinda baada ya zaidi ya saa kumi majini, lakini saa ilitoka inatembea, na tangazo la Rolex ndo likaifanya dunia iamini kuwa saa yaweza kuingia majini. Na kampuni ya Blancpain, iliyotoa Fifty Fathoms mwaka 1953, moja kati ya saa za kwanza kabisa za mbizi kama tunavozijua leo, ilikuwa chini ya Betty Fiechter tangu miaka ya 30. Mwanamke. Kwa hivo tuko hapa tangu mwanzo.

Hatua ya tatu: pima mkono wako, usipime jinsia yako

Ukienda dukani ukasema wataka saa ya mbizi utapelekwa sehemu mbili. Ama utaoneshwa madude ya milimita 44, 46, ama utaoneshwa kabati la kike, zote ndogo, zote 30 M, ua kwenye uso. Kataa zote mbili kwa adabu, toa futi yako.

Chukua ule utepe wa fundi wa nguo, zungusha chini kidogo ya ule mfupa wa kifundo cha mkono, pale saa inapokaa. Pima mchana, si asubuhi, manake joto la Mombasa huvimbisha mkono na saa iliyokaa vizuri saa moja asubuhi itakubana saa nane. Wangu ni sentimita 15. Alafu, na hichi ndo kipimo watu hawakijui, chukua rula upime ule ubapa wa juu ya mkono, kutoka ukingo mpaka ukingo pale mkono unapoanza kushuka. Wangu ni milimita 47. Sasa kwenye saa usipime duara peke yake, pima kutoka ncha ya pembe ya juu mpaka ncha ya pembe ya chini, pale mkanda unaposhikia. Hiyo lazima iwe chini ya ubapa wako. Yangu nayovaa sasa ni milimita 44, yabaki nafasi ndogo kila upande, yatulia.

Saa ikizidi ubapa, pembe zaning'inia hewani, na chini ya maji itapinduka kila ukigeuza mkono, uso waelekea kwenye kidole gumba na wewe una tochi mkono mwingine. Pia tazama unene. Milimita 12 au 13 ni sawa, ikifika 15 itanasa kwenye mkono wa weti suti, ile suti ya mbizi, na mikanda ya BCD, lile jaketi la hewa la mbizi, wakati wa kuvaa.

Kwa mkono wa sentimita 14 mpaka 16, duara la milimita 36 hadi 39 laingia vizuri. Mtu akikwambia hiyo ni saizi ya watoto muache, saa za mbizi za Rolex ziitwazo Submariner, zile za kwanza za miaka ya 50, zilikuwa milimita 37 au 38 na wanaume walizivaa wakafanya nazo kazi.

Hatua ya nne: zungusha ile pete ukiwa na vidole vilivyolowa

Kama kuna hatua moja ya kutoiruka ni hii.

Ile pete yenye namba juu ya kioo ndo inayoifanya saa ya mbizi iwe ya mbizi. Unapoanza kushuka wageuza pete mpaka ile pembetatu yake ikae juu ya mshale wa dakika, basi. Kila ukitazama, mshale uko kwenye namba ya dakika ulizokaa chini. Huhitaji kukumbuka uliingia saa tatu na dakika ngapi, chini ya maji hakuna anaeuliza saa ngapi, swali ni dakika ngapi zimepita na hewa yabaki kiasi gani. Na ukifika mita 5 wakati wa kupanda, pale pa kusimama dakika 3, wairudisha pembetatu tena wahesabu tatu zako.

Pete nzuri yazunguka upande mmoja tu, kinyume na mishale. Sababu ni hii: ikigongwa na silinda ya mwenzako ikasogea, itakuonesha umekaa chini muda mrefu kuliko ukweli, kwa hivo utapanda mapema, hakuna neno. Ingekuwa yazunguka pande zote ingeweza kukuibia dakika ukadhani bado una muda. Ukiwa dukani pete ikizunguka mbele na nyuma, irudishe kabatini.

Sasa jaribio lenyewe. Mi huenda na chupa ya maji kwenye mkoba, namuomba muuzaji ruhusa, nalowesha vidole vyangu tu, si saa, mpaka ncha zilowe sawasawa, alafu nashika pete kwa kidole gumba na cha shahada nazungusha mzunguko mzima. Wanaume wengi hawajui shida hii manake vidole vyao ni vinene, wana nguvu ya kubana. Sisi tukifika dakika ya arobaini majini, ncha za vidole zimekunjana kama zabibu kavu, na pete yenye ukingo laini yateleza tu. Wataka meno ya kushika, makubwa kidogo, na mlio wa taratibu, tik tik tik, usiwe mgumu mpaka ubane meno na usiwe mlegevu mpaka ikisuguliwa na kitambaa yaondoka. Siku moja nilijaribu saa tano hivo kwenye duka moja, ile ya bei kubwa ndo ilinishinda kabisa, na ya bei ndogo kuliko zote ikazunguka kama nimeipaka mafuta. Bila maji kwenye vidole nisingejua.

Kitu kimoja lakini, kwa wanaovaa buibui na mikono ya lesi: yale meno ya pete hunasa nyuzi. Angalia meno yawe ya mviringo, si makali, pitisha mtandio wako juu yake palepale dukani uone kama wavutika.

Hatua ya tano: gizani na rangi

Muombe muuzaji aweke saa chini ya taa dakika moja, alafu ifunike kwa viganja viwili utazame ndani. Lazima uone mshale wa dakika, uone ile alama ya pembetatu kwenye pete, na uone mshale wa sekunde ukitembea ili ujue saa haijafa. Mshale wa dakika uwe tofauti kabisa na wa saa, mnene au mrefu zaidi.

Wanaopenda uso wa rangi, chukueni, bluu na kijani zapendeza na zasomeka. Ila mshale mwekundu usiutegemee, nyekundu ndo rangi ya kwanza kupotea majini, ukishuka mita chache tu yaanza kuwa kijivu. Uso wa lulu ule unaometameta pia uuache, mishale yapotea ndani yake juani.

Hatua ya sita: ndani iwe nini

Betri ni rahisi na yaenda sawa, lakini kila ikibadilishwa saa yafunguliwa nyuma, na kila ikifunguliwa lazima ipimwe presha tena, hapo ndo saa nyingi hufia. Otomatiki haina betri, yajijaza nguvu kwa mtikisiko wa mkono, ila usipoivaa siku mbili yasimama, na sisi kusi likianza kuvuma, bahari ikachafuka miezi ile ya katikati ya mwaka, watu wengi hatuzamii. Ya mwanga wa jua kwangu ndo bora kwa pwani hii, jua tunalo, haifunguliwi miaka mingi. Ila usiitie kwenye sanduku gizani msimu mzima wa kusi, iache karibu na dirisha.

Hatua ya saba: mkanda

Maji yetu ni ya moto, wengi twavaa suti nyembamba ya milimita 3 au rashigadi na leggingi, kwa hivo huhitaji ile mikanda mirefu ya watu wa maji baridi, tena yawasumbua wenye mikono myembamba, mkia wabaki unapepea. Hesabu matundu kabla hujalipa. Na kumbuka suti yabanwa na presha ukishuka, kwa hivo mkanda uliokaza kwenye boti walegea chini.

Mi napenda mkanda wa nailoni unaopita chini ya saa kipande kimoja, manake kipini kimoja cha kushikia mkanda kikikatika saa bado yashikwa na kipini cha pili. Raba ni nzuri pia, ila wale wenzangu wa kupaka attari na mafuta ya nazi mkononi, pakeni mkono ule mwingine, mafuta huiharibu raba ikaanza kunata. Cheni ya chuma yapendeza harusini, majini yavuta vinyweleo.

Kama hereni za bei rahisi zakuwasha masikio, chunga sana mfuniko wa nyuma wa saa, yaweza kuwa ni nikeli, na jasho letu hapa laongeza. Tafuta titaniamu, ni nyepesi mno na haiwashi.

Hatua ya nane: majina, na feki

Nitataja chache ninazozijua. Citizen Promaster ya wanawake, EO2020, milimita 36 na nusu, mita 200, ya mwanga, imeandikwa DIVER'S. Hii ndo nawaambia wengi. Seiko SKX013, kama milimita 38, otomatiki, haitengenezwi tena lakini zapatikana mkononi kwa mtu, fundi yeyote aijua. Tissot Seastar 1000 ya milimita 36, mita 300, betri. Casio Duro ni mita 200 na bei yake nje ni chini ya dola 100, ila ni milimita 44, kwa hivo ni ya mwenye mkono mpana, pima kwanza. Na alie na pesa, Tudor Black Bay 54 iliyotoka 2023, milimita 37, hiyo ni zaidi ya dola 3,500 na jina halihusiani na mtaa wetu wa Tudor.

Feki ziko tele mjini na zimeandikwa 300m bila haya. Dalili: pete yazunguka pande zote au haizunguki kabisa, nobu haina skrubu, mfuniko wa nyuma umebandikwa kwa kukandamizwa tu, namba za pete hazikai sawa na alama za uso. Kuvaa feki mjini ni shauri lako, kushuka nayo MV Dania, ile meli iliyozamishwa makusudi 2002 na imelala kama mita 30 chini, usifanye.

Ukinunua ya mkononi kwa mtu, hata kama ni rafiki, weka pesa ya fundi pembeni kabla hujaivaa.

Hatua ya tisa: fundi, na maji ya kisima

Baada ya ile saa yangu kufa niliipeleka kwa fundi mmoja mzee mjini, yule wa meza ndogo na kioo cha jichoni. Akaifungua, akaitoa ile raba ya duara kwa kibano akaniwekea kiganjani. Nyembamba kama uzi wa kushonea viatu, upande mmoja bapa kabisa, na mahali pamoja ina ufa. Akaniambia mwanangu, uhai wa saa ya maji ni huu hapa, hiyo nyengine yote ni pambo. Aliniambia niibadilishe kila saa ikifunguliwa, ipakwe grisi yake ya silikoni, na nimuulize fundi kama ana mashine ya kupimia presha, kama hana asiifunge yeye. Swali hilo liulize kabla hajaweka bisibisi, si baada.

Ukitoka baharini isuuze saa kwa maji matamu, na hapa Mombasa nasisitiza matamu, manake nyumba nyingi bomba ni la kisima na maji yale yenyewe yana chumvi, wasuuza chumvi kwa chumvi. Chota bakuli moja kwenye ule mtungi wa kunywa, lowesha saa dakika kumi, nobu ikiwa imekazwa, zungusha pete mizunguko miwili mitatu ndani ya maji ili mchanga utoke chini yake, pangusa, weka kivulini. Usiingie nayo kuoga maji ya moto na sabuni. Usiguse nobu ikiwa imelowa. Siku ya kupaka hina ivue.

Na ukiiona na ukungu kwa ndani, hata kidogo tu, hata kama umekuja na kupotea wenyewe, siku hiyo usipande nayo boti, ipeleke kwa fundi kwanza.